Gane Alikuwa Juu, Akajishusha Mwenyewe

Tuanzie raundi ya tano. Anaheim, California, 22 Januari 2022, pambano la kuwania mkanda wa UFC. Mfaransa Ciryl Gane amempiga mwereka Mkameruni Francis Ngannou na sasa yuko juu yake. Raundi mbili za kwanza zilikuwa zake, mbili zilizofuata za Mkameruni. Aliyelala chali ni jitu lililoingia ulingoni na goti lenye kano zilizochanika, pumzi zinamkata. Gane hakuhitaji kufanya lolote la kusimuliwa. Alihitaji kulala pale juu, apige viwiko viwili vitatu, asubiri kengele.

Badala yake akauachia mwili, akaukumbatia mguu, akajitupa chali kutafuta kabali ya kisigino.

Irudisheni picha muitazame taratibu. Kabali ya kisigino haianzii kwenye kisigino, inaanzia nyongani. Goti la adui lazima ulibane katikati ya mapaja yako, nyonga yake usiiache igeuke, ndipo kisigino kikae kwenye kiwiko chako na uanze kupinda. Gane alikuwa na mguu tu. Nyonga ya Ngannou ilikuwa huru, na nyonga ikiwa huru mwenye nguvu anajizungusha upande uleule unaompinda, anachomoka. Hizo ni raundi za mwisho pia, ngozi inateleza jasho kama sabuni. Ngannou akachomoka, akaishia juu, na hakushuka tena. Majaji wawili wakampa Ngannou 48–47, wa tatu 49–46. Kwa hao wawili, raundi ile moja ikigeuka, mkanda unakwenda Paris.

Watetezi wake wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba alilifuata goti bovu. Sawa, lakini goti bovu unaliumiza ukiwa juu vilevile: unamkalia, unamlazimisha anyanyue uzito wako kwa mguu usioweza kusukuma. Ya pili, kwamba kabali hiyo aliwahi kushinda nayo, dhidi ya Don'Tale Mayes kule Singapore mwaka 2019. Kweli alishinda. Lakini ilikuwa sekunde za mwisho za raundi ya tatu, ambapo hata ikishindikana kengele inakuokoa. Huku Anaheim alibakiza muda mrefu wa kulaliwa, na alilaliwa.

Tulioanza kutazama ngumi hizi zama za mapambano ya Pride ya Japani tulishaona somo hili likifundishwa. Machi 2003, Yokohama, Fedor Emelianenko alikutana na Antônio Rodrigo Nogueira, fundi ambaye ukiwa juu yake ndipo hatari inapoanza. Wengi walikuwa wanaogopa kuingia katikati ya miguu ile. Fedor akaingia mwenyewe, akabaki humo, akawa anashusha makonde kwa dakika ishirini zilizogawanywa raundi tatu. Hakukimbilia mguu, hakukimbilia mkono. Akaondoka na mkanda. Siku hizi mtu akikaa juu hivyo, ukumbi unazomea, na kocha naye anapata hofu ya kuzomewa.

Makocha hao nina kesi nao ya muda mrefu. Wanamchukua mpiga mateke mahiri, na Gane kwa miguu miwili ni mahiri kuliko uzito wake unavyoruhusu, wanamfundisha vya chini kuanzia mkiani: kabali kwanza, kukaa juu baadaye. Kwenye jimu zetu ni hivyohivyo. Kijana hajui kumbana mtu ubavuni, lakini kisigino chako anakitaka. Rafiki yangu mmoja alipindwa hivyo na mwenzake wa mazoezini, jioni ya kawaida tu, wakitaniana. Goti halitoi onyo la maumivu kama mkono. Unasikia mlio, basi. Sasa amerudi anarusha mateke mepesi, na kila akiketi chini mkono wake unakwenda wenyewe kulishika goti.

Fernand Lopez, aliyewahi kuwanoa wote wawili pale MMA Factory, Paris, alikuwa na nafasi ambayo kocha haipati mara mbili: alimjua Ngannou tangu akiwa mgeni mjini. Tukalishwa vipande vya video za mazoezi yao ya zamani mpaka tukashiba, nani alimtikisa nani. Mpango wa Gane wa kusimama ulikuwepo na ulifanya kazi. Mpango wa mtu akishakuwa chini sikuuona.

Usiku ule Ngannou alimwangusha Gane mara nne, huyuhuyu ambaye Stipe Miocic alimgaragaza Boston mwaka 2018. Kazi safi.

Machi 2022 madaktari wakamfanyia Ngannou upasuaji wa goti, na Januari 2023 UFC ikaachana naye bila kumwona tena ulingoni mwake. Kiti cha ubingwa kikabaki wazi, Gane akaitwa tena, tarehe 4 Machi 2023, mbele ya Jon Jones. Miezi kumi na mitatu ya kujifunza kupigana chini. Jones akampeleka kwenye uzio, akamshusha, akaikamata shingo. Dakika mbili na sekunde nne, na safari hii hata ile nafasi ya kukaa juu hakuiona.