Rangi Iliyo Ndani ya Zege: Namna ya Kuikagua Njia ya Miguu Kisumu

Anayetaka kujua kama njia ya miguu imetoka kwa fundi wa kweli asianze kuitazama katikati, palipo safi na palipolala sawa. Aende pembeni, kwenye kabro, yaani tofali la zege la kutandaza, iliyomeguka karibu na mfuniko wa maji taka, au pale mtaro ulipochimbwa kisha ukafukiwa. Hapo rangi haina pa kujificha. Ikiwa wekundu umepenya hadi ndani, au umekaa juu kama tabaka nene lililoshikana na mwili wa tofali, kazi ni nzuri. Ikiwa ni utando mwembamba kama siagi iliyopakwa kwa kisu, na chini yake kijivu kitupu, basi nyayo za watu zitaumaliza.

Kisumu ina mengi ya kukaguliwa hivyo. Mradi wa Kisumu Urban Project, uliofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, AFD, na baadaye maandalizi ya mkutano wa Africities wa Mei 17 hadi 21, 2022, viliifanya kabro kuwa sehemu ya sura ya jiji. Katika mitaa kama Oginga Odinga Street, mwenye miguu alianza kuhesabiwa kuwa mtumiaji wa barabara. Ni hatua ya kujivunia, na kwa sababu hiyo ubora wake unastahili macho makali.

Saruji ya rangi si ngeni kando ya ziwa. Muda mrefu kabla ya kabro kulikuwa na sakafu nyekundu za nyumba, za shule na za varanda za maduka, zilizosuguliwa kwa polishi hadi zikang'aa. Watu huiita redi oksaidi hadi leo. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu, na madini ya jamii hiyohiyo ndiyo yanayoupa wekundu udongo wa nchi za juu. Chuma kikishakuwa kutu, jua halina cha kukifanya zaidi. Ndiyo maana sakafu ya zamani inaweza kupasuka na kuchakaa huku wekundu wake ungalipo.

Hilo ni jambo kubwa mahali ambapo mstari wa Ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka jijini. Nyekundu, manjano, kahawia na nyeusi zinazotokana na oksidi za chuma huhimili jua hili. Kijani cha kromu huhimili pia. Buluu inayodumu hutokana na kobalti, na bei yake ni kubwa. Kwa hiyo buluu au kijani cha bei ya chini sana kiulizwe maswali, kwa kuwa rangi nyingi za asili ya kikaboni hupauka. Nyeusi nayo ina mtego wake. Inayotengenezwa kwa masizi huonekana nzito siku ya kwanza, lakini chembe zake ni ndogo mno, na mvua huziosha kidogokidogo hadi tofali libaki kijivu.

Kipimo hufichua tabia ya kiwanda. Rangi ya unga hupimwa kwa uzito wa saruji, si kwa mkebe. Kwenye asilimia 5 hivi, yaani kilo mbili na nusu kwa mfuko wa kilo 50, zege huwa karibu limeshiba; kuongeza zaidi ni kutumia pesa bila kupata rangi. Kiwango cha Marekani, ASTM C979, kinaweka ukomo kwenye asilimia 10. Mtengenezaji asiyeweza kusema anatia kilo ngapi kwa mfuko atatoa nyekundu ya Jumatatu isiyofanana na ya Alhamisi. Hata mwenye mizani akizidisha maji kwenye mchanganyiko, rangi itapauka, kwani maji mengi huacha zege jepesi na lenye vitundu.

Saruji yenyewe ina rangi, na mnunuzi husahau. Kijivu hupokea nyekundu na kahawia bila ugomvi, lakini hufanya manjano kuwa ya tope, na krimu haipatikani kabisa. Anayetaka rangi nyepesi, safi, anahitaji saruji nyeupe, ambayo ni ghali zaidi. Akiahidiwa krimu kwa bei ya kabro ya kawaida, aombe kuona tofali lililovunjwa.

Halafu kuna ile chokaa nyeupe inayojitokeza juu ya tofali jipya na kumtia mwenye mradi hofu. Maji yakipita ndani ya zege hubeba chokaa hadi juu, nayo ikikutana na hewa ya ukaa huganda kuwa utando mweupe. Juu ya kijivu hauonekani sana. Juu ya nyekundu na nyeusi unapiga kelele. Mara nyingi mvua huuondoa polepole, na si dalili ya rangi mbovu. Utando ukirudi kila msimu, hata hivyo, kuna maji yanayopanda kutoka chini, na tatizo liko kwenye msingi. Kisumu ina bahati moja ambayo Mombasa haina: maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari ya kuchochea doa hilo.

Sasa miguu. Kisumu hupata takriban milimita 1,300 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka kwa kishindo alasiri au usiku. Njia isiyokaguliwa ikiwa imelowa haijakaguliwa. Kabro zinazomiminwa kwa zege la majimaji kwenye kalibu za plastiki hutoka laini, zinang'aa, na rangi yake huvutia sana dukani. Zilowe, kisha apite mama aliyebeba karai la samaki kichwani akiwa amevaa kandambili. Mng'ao ule ni hatari. Kabro ya mashine, iliyoshindiliwa kwa mchanganyiko mkavu na kutetemeshwa, ina uso wa chembechembe unaoushika unyayo, na kwa barabara ya umma haifai kubadilishwa na ile nyingine kwa ajili ya urembo.

Kwa zege linalomwagwa papo hapo, umalizio wa kufagia, mistari ya ufagio ikikata mwelekeo wa mwendo, ni wa bei nafuu na salama. Kokoto zilizooshwa zikabaki wazi ni nzuri zaidi, kwani rangi yake ni ya jiwe lenyewe. Zege lililogongwa chapa ili lifanane na mawe hupendeza kwenye bustani ya hoteli ya ufukweni. Mtaani ni jambo jingine. Siku bomba la maji litakapopasuka, kabro zitang'olewa, bomba litengenezwe, na kabro zilezile zirudi. Zege la chapa litakatwa kwa msumeno, na kiraka chake hakitafanana kamwe na jirani yake.

Uchaguzi wa rangi uanze na matumizi ya mahali. Krimu hupunguza joto, lakini haivumilii mafuta ya kukaangia samaki wala oili ya bodaboda. Nyeusi huficha oili na huchoma. Kahawia na nyekundu iliyotulia hulingana vyema na vumbi la mji huu, na kijivu kikitengenezwa vizuri si aibu hata kidogo. Mahali ambapo manjano haina mbadala ni kwenye vigae vyenye vinundu vya kuwaongoza wasioona, vilivyobuniwa na Seiichi Miyake wa Japani na kuwekwa kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Wenye uoni hafifu huvifuata kwa macho pia, si kwa fimbo pekee. Kigae cha manjano iliyopauka, kilichozungukwa na kabro za manjano iliyopauka, kinawanyima njia.

Yote hayo ni bure juu ya udongo mweusi wa uwanda wa Kano usiotolewa. Udongo huo huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na huinua kabro ya rangi yoyote. Utolewe, paletwe mawe na maramu, pashindiliwe, kisha ukingo wa zege ushike pande zote.

Kabla ya kuagiza, mnunuzi adai matofali ya siku tofauti za uzalishaji, ayapange nje juu ya ardhi, ayaone makavu saa sita mchana na ayaone yamelowa. Wakati wa kutandaza, mafundi wachanganye kabro kutoka rundo zaidi ya moja, ili tofauti ndogo zitawanyike badala ya kuunda mabaka. Na zibaki kabro za akiba za toleo lilelile kwa ajili ya viraka vya baadaye. Akiba hiyo isifungiwe stoo. Ikae nje, kwenye jua na mvua ileile, ili siku ya kutumika iwe imezeeka sawa na zile zilizo barabarani.