Kijipicha cha Video na Kiswahili cha Mpakani: Uhakiki kutoka Kasese na Bwera

Mnamo Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka kutoka Kongo alithibitishwa kuwa na Ebola wilayani Kasese, akatibiwa Bwera. Katika dharura ya namna hiyo, video ya afya hukubaliwa au hupuuzwa kabla haijachezwa, kwa kuwa mtazamaji hukutana kwanza na kijipicha chake kwenye simu.

Ushauri unaotolewa kwa wabunifu wa vijipicha ni ule ule kila mahali: sura kubwa, rangi zinazotofautiana, maneno machache. Ushauri huo si mbaya, ila unamchukulia mtazamaji kuwa ni wa lugha moja. Katika soko la Mpondwe, Kilhukonzo, Kinande, Kiswahili na Kiingereza husikika pamoja. Hivyo kuchagua maneno mawili ni kuchagua msomaji. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini mazoea ya kuandika tangazo kwa Kiingereza cha herufi kubwa nyekundu bado yana nguvu.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapopuuzwa isivyostahili. Neno “Usimguse” lina herufi nane tu, nalo limebeba ukanushi, mtendaji, mtendwa na kitenzi. Hata hivyo, kiambishi -m- hakisemi ni nani asiyepaswa kuguswa. Ni picha inayopaswa kumwonyesha mgonjwa. Mbunifu anayeweka mhudumu aliyevaa mavazi ya kinga, pasipo mgonjwa, amechora hofu na kuliacha agizo bila mlengwa. Aidha, “Usiuguse”, kwa maana ya mwili wa marehemu, ni sahihi kisarufi lakini huenda likamkwaza aliyezoea Kiswahili cha Bunia, ambacho upatanisho wake wa ngeli ni finyu. Kwake, “Usiguse maiti” lingefaa zaidi, hata kama mhariri wa Kampala angelisahihisha.

Kasoro nzito zaidi ni ukosefu wa tarehe. Mpaka ulifungwa kwa abiria Machi 2020 kwa sababu ya korona. Kijipicha kisemacho “Mpaka umefungwa” bila mwaka kinaweza kusambazwa tena wakati wowote na kumrudisha nyumbani mchuuzi ambaye njia yake iko wazi. Tarehe iandikwe juu kushoto, kwa maana katika YouTube pembe ya chini kulia hufunikwa na muda wa video.