Ustadi wa Mchoma Taka

Kazi ya mchoma taka wa kituo cha afya mjini Mpanda huanza kabla ya kiberiti kuwashwa. Amevaa buti, aproni nzito, glavu ndefu, miwani na barakoa. Mfuko mmoja mmoja anaupima na kuuandika daftarini. Maboksi ya njano yenye sindano anayapanga karibu na tanuru. Vichupa vya dawa anavitenga, maana kioo kikiyeyuka huziba wavu wa chuma unaopitisha hewa. Mifuko ya damu na mirija ya dripu nayo haiingii motoni.

Utengaji huo una sababu nzito. Mifuko na mirija hiyo aghalabu ni ya plastiki ya PVC, yenye klorini nyingi. Klorini ikikutana na moto hafifu huzaa dioksini, hasa moshi unapopoa kati ya nyuzi 450 na 200 za Selsiasi. Sumu hiyo hujificha kwenye mafuta ya mwili, na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu.

Tanuru lake ni la matofali, lina vyumba viwili na bomba refu la moshi. Anawasha magunzi makavu ya mahindi, kisha anaongeza kuni za miombo, kipande baada ya kipande. Taka bado hazigusi. Anasubiri matofali ya chumba cha pili yashike joto, kwa kuwa humo ndimo moshi wa chumba cha kwanza unapotakiwa kuungua tena. Macho yake yako juu ya bomba. Moshi unakuwa mzito, unapungua, hatimaye inabaki hewa inayotetemeka kwa joto. Hapo ndipo boksi la kwanza linaingia.

Anafunga mlango na kusubiri. Boksi la pili haliingii mpaka la kwanza liwe limeshika moto sawasawa, kwani tanuru likishindiliwa hukosa hewa. Moshi ukianza kuwa mweusi, anasimamisha kulisha na kukagua tundu la hewa. Katikati ya maboksi anatia kuni, na baada ya boksi la mwisho anatia nyingine, ili mabaki yasife yakifuka.

Mitambo mikubwa ina wasaidizi. Sheria za Ulaya zinataka moshi ukae kwenye nyuzi 850 kwa sekunde 2 au zaidi. Kisha hupozwa haraka, hupulizwa unga wa kaboni na kuchujwa kwa mifuko ya kitambaa. Tanuru dogo la matofali halina vichujio hivyo. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unadai dioksini ipunguzwe. Hapa Mpanda, upunguzaji huo unategemea kutenganisha taka na kutunza joto.

Siku ya pili, jivu likishapoa, analikusanya na kulimwaga kwenye shimo lililojengewa saruji. Haruhusu hata koleo moja liende bustanini, kwa sababu jivu nalo hubeba sumu. Kisha anapita wodini kuwakumbusha wauguzi ndoo ipi ni ya mirija. Anajua kwamba mrija uliotupwa mahali pasipo pake hauwezi kusahihishwa na moto, hata ukichochewa na fundi hodari kama yeye.