Grinda Iliyokula Mshono

Stendi ya jerikeni aliyoichomelea mwanagenzi mmoja wa Base Camp, Nakivale, nyuma ya nyumba ya wazazi wake, ilikuwa tayari kabla hajashika grinda. Alipoishika ndipo alipoiharibu stendi, na waliotazama wakampigia makofi.

Rodi ya 6013 ya milimita 2.5, ampea 80, pembe zimenyooka: sawa.

Kisha akausaga mshono wa T, pale mguu unapokutana na fremu, hadi ukalala bapa. Kwenye kiungo hicho nguvu iko kooni, yaani kutoka mzizi hadi uso wa mshono. Mshono wenye miguu ya milimita 4 una koo la takriban milimita 2.8. Ukilipunguza kwa milimita 1, umeondoa zaidi ya theluthi ya uwezo wake. Jerikeni nne za lita 20 zitakazokaa juu yake ni kilo 80 za maji, na watoto huiegemea stendi. Kingekuwa kiungo cha kichwa kwa kichwa kilichoyeyuka hadi chini, kusaga kungevumilika. Hiki hakikuwa hicho. Tena diski hufukia vitundu ambavyo fundi anayefundisha angeviona na kuuliza: tao lilikuwa refu, au rodi zilikaa wazi zikanyonya unyevu? Mwanagenzi akishafuta mawimbi ya mkono wake, atasahihishwa kwa lipi?

Ugonjwa huu wa kuficha mshono ni uleule wa puti ya kuziba mashimo, na safu hii haitachoka kuusema. Mageti mangapi yanauzwa kando ya barabara Mbarara yakiwa na puti na rangi nyekundu juu ya ganda la slagi lisilopasuliwa? Yanameta, kutu inakula chini.

Hata rodi yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Oscar Kjellberg, Msweden aliyeanzisha ESAB mwaka 1904, alifikia rodi yenye gamba akihangaika na boila za meli zinazovuja. Mshono wake ulipaswa kuhimili mvuke; ulaini wake haukumshughulisha mtu.

Stendi hiyo isibebeshwe maji. Kijana aichimbe mishono ile hadi chuma safi, achomelee upya, apasue ganda, apige brashi ya waya, kisha aipeleke kwa fundi wake kabla ya rangi.