Baldwin alivyopiga piano kwa maneno

Ukurasa hautoi sauti, na hapo ndipo waandishi wengi wanapokwama. Wanarundika sifa, sauti tamu, midundo ya kusisimua, ukumbi mzima ukashangilia, na msomaji anabaki na habari za muziki asioupata.

James Baldwin hakukwama hapo. Katika "Sonny's Blues", hadithi fupi ya mwaka 1957, msimulizi ni mwalimu wa aljebra wa Harlem asiyejua jazi. Hata Charlie Parker, nguli wa jazi, hamjui. Hawezi kutuzungumzia kodi za muziki (chords) wala skeli, kwa hiyo anamtazama tu mdogo wake, Sonny, mpiga piano, na sisi tunatazama naye. Halafu sikio letu linaandaliwa mapema. Mwanafunzi anapiga mluzi uani mwa shule. Gitaa la ndugu wa baba yao linapondwa na gari la Wazungu walevi, yeye akafa papo hapo. Walokole wanapiga tari kando ya barabara. Tunapoingia klabuni, tumeshajua kwamba kila mlio humu una mtu na msiba wake.

Ufundi wenyewe uko klabuni. Sonny ametoka gerezani, hajagusa piano kwa zaidi ya mwaka. Baldwin hasifu wimbo, anaonyesha ugumu wa kuupiga: Sonny anaanza, anaogopa, anaacha, anajaribu kwingine, anakwama tena, huku Creole, mpiga besi, akimngoja na kumsukuma. Vyombo vinaulizana na kujibizana. Tunausikia muziki kwa sababu tunahofia utamshinda.

Virginia Woolf alifanya hivyo kwa rangi katika riwaya yake To the Lighthouse, mwaka 1927. Hatuambiwi picha ya mchoraji Lily Briscoe ni nzuri kiasi gani. Tunapewa tatizo lake, jinsi ya kuunganisha upande wa kulia wa picha na wa kushoto. Katikati ya chakula cha jioni Lily anachukua kichupa cha chumvi, anakiweka juu ya ua la kitambaa cha meza, kimkumbushe kuusogeza mti wa pichani katikati. Kitendo hicho kimoja kinanionyesha mchoraji kazini vizuri kuliko kurasa nzima za kusifu rangi.

Hata hivyo, naona Baldwin amezidisha. Sonny anapokolea, msimulizi anaanza kutueleza muziki ule una maana gani, aya baada ya aya, ilhali vidole vya Sonny vimeshasema. Baldwin alianza kuhubiri kanisani akiwa na miaka 14, na hapo mimbari inasikika juu ya piano.