Matundu Yaliyohama: Jinsi Path of Exile 2 Ilivyopangwa

Mchezo wa kompyuta unapotangazwa miaka kadhaa kabla ya kutoka, aghalabu watengenezaji wake hutandaza mbele ya watu orodha ndefu ya sifa mpya, na wasikilizaji huzipokea kwa shangwe bila kuuliza kila sifa imezaliwa na haja gani. Nastahabu kuuliza swali hilo juu ya Path of Exile 2, mchezo unaochezwa kwa intaneti, ambamo mtu huvaa nafsi ya shujaa aliyehamishwa kwao, akapigana na madubwana, akaokota silaha na kujiongezea ustadi. Maana katika mipango yake limo jambo moja ambalo, ukilifahamu sawasawa, mengine karibu yote yanafahamika kwa wepesi.

Watengenezaji ni Grinding Gear Games, kampuni iliyoasisiwa mwaka 2006 huko Auckland, Nyuzilandi, nayo ilitoa mchezo wake wa kwanza mwezi Oktoba 2013. Novemba 2019, katika mkutano wao uitwao ExileCon, walitangaza kwamba sehemu ya pili ingekuwa hadithi mpya ya sura saba ndani ya mchezo ule ule, na wachezaji wa hadithi zote mbili wangekutana mwishoni. Mpango huo haukusimama. Mkutano wa Julai 2023 uliposikia habari zake tena, sehemu hiyo ya pili ilikuwa imekwisha kuwa mchezo mbali, wenye sura sita, na mchezo wa kwanza ukaachwa uendelee na maisha yake. Katika mchezo huo mpya, jambo ninalotaka kulieleza ni matundu ya vito.

Katika mchezo wa kwanza ustadi wa shujaa hukaa katika vito. Kipo kito cha mpira wa moto, kipo cha kurusha mshale, na vipo vito vya msaada, ambavyo havina tendo lao wenyewe, lakini vikiungwa na kito cha ustadi huufanya mpira mmoja wa moto uruke mitatu, au pigo liwe zito au la haraka zaidi. Vito hivyo hupachikwa katika matundu ya mavazi na silaha. Deraya ya kifua huweza kuwa na matundu sita, kofia, glavu na viatu manne manne. Kila tundu lina rangi yake, nyekundu kwa nguvu, kijani kwa wepesi, buluu kwa akili. Na kito hakimsaidii mwenzake ila matundu yao yawe yameshikamana kwa kiungo. Kuyashikamanisha yote sita ndiko kulikokuwa taabu. Mchezaji alitumia Orb of Fusing, kifaa cha ufundi, moja baada ya moja, na kila moja ilivipanga viungo upya kwa bahati tu. Asiyetaka kuitegemea bahati alilipa 1,500 kwa mkupuo katika meza ya ufundi, akapata kwa yakini.

Aliyekwisha kufika hapo amekwisha kufungwa. Ikimwangukia deraya iliyo bora mara mbili kuliko yake, haivai, kwa kuwa kuivaa ni kuutupa ustadi wake wote, mfano wa mtu aliyeshonewa jambia katika kanzu, asiweze kubadili kanzu ila aache na silaha. Na kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa, karibu kila mchezaji alijenga ustadi mmoja tu wa kutegemewa, akaupiga kutoka mwanzo wa pambano hadi mwisho.

Katika mchezo wa pili matundu ya vito yameondolewa katika mavazi yakatiwa ndani ya kito chenyewe. Kito cha ustadi huanza na matundu mawili ya vito vya msaada, na huongezwa hadi kufika matano. Deraya imebaki deraya: ikipatikana iliyo bora huvaliwa papo hapo. Na kila ustadi umepata nyumba yake, hata shujaa mmoja aweza kuwa na stadi nyingi, zote zimekamilika.

Ruhusa hiyo ilileta mashaka mapya. Maadamu kila kito kina matundu, ni kipi kitakachomzuia mchezaji kutia vito vile vile vitano vilivyo bora katika kila ustadi? Wapangaji walijibu kwa kanuni: kito cha msaada cha aina moja kitumike mara moja tu kwa shujaa mmoja. Kwa rai yangu dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa, kwani ilimwadhibu hata mwenye kujenga stadi mbili zinazofanana kwa haki; nafurahi kwamba toleo la Agosti 2025 liliifuta.

Sifa zilizofuata zimechipuka katika shina hilo. Mwenye stadi nyingi atataka silaha zaidi ya moja, basi shujaa amepewa jozi mbili za silaha, na kila ustadi huweza kufungamanishwa na jozi yake, hata ukibonyeza ufunguo wa ustadi wa upinde, rungu lililokuwa mkononi huondoka na upinde hushikwa bila ya wewe kuamuru. Hata katika mti mkubwa wa maarifa, ambamo shujaa hujipatia nguvu kwa kutumia nukta, baadhi ya nukta hizo huweza kutengwa zifanye kazi kwa jozi moja tu. Kadhalika nguvu za kudumu, kama vile baraka zinazomzunguka shujaa na watumishi anaowafufua, ambazo zamani zilikula sehemu ya mana, yaani nishati ya kutumia ustadi, hata ikabaki haba ya kupigania, zimewekewa akiba yao mbali, iitwayo Spirit.

Kuhusu mwendo, mchezo wa kwanza ulitaka mtu abonyeze ardhi kwa kipanya na shujaa ajitafutie njia. Wa pili umeongeza mwendo wa herufi W, A, S na D, jambo linaloonekana dogo kwa asiyetengeneza michezo. Lakini mtu anayekimbia kushoto huku anapiga mishale kulia sharti miguu yake iende upande mmoja na kifua kielekee upande mwingine, na kila silaha idai picha zake za mwendo. Umeongezwa pia mbingirio wa kukwepa, ambao kila shujaa anao tangu dakika ya kwanza bila kulipa chochote wala kungoja. Humwokoa na panga na mshale uliomlenga, haumwokoi na pigo linaloenea ardhi nzima. Hapo dawa ni kutoka mahali penyewe.

Kukwepa kwa nusu sekunde hakuna maana ikiwa kompyuta ya mchezaji na seva hazikubaliani juu ya mahali alipo. Mchezo wa kwanza uliteseka kwa ila hiyo miaka yake ya awali: kompyuta ilikisia matokeo bila kungoja, mtu akajiona yu mlangoni ilhali seva ilimhesabu bado yumo katikati ya maadui, akafa asijue ameuawa na nani. Julai 2015 iliongezwa njia ya pili, ambayo kompyuta na seva huenda hatua kwa hatua, tendo lisionekane ila seva imekwisha kuridhia. Naiona kuwa msingi wa upiganaji mpya wote, ijapokuwa mwenye intaneti ya kusuasua huuhisi uzito wake katika kila pigo.

Dhahabu nayo imeingia, ya kununulia kwa wachuuzi na kurudisha nukta zilizotumika vibaya, lakini haibadilishwi baina ya wachezaji; biashara yao imebaki katika vifaa vya ufundi kama zamani, na hilo limewekwa kwa busara.

Ahadi ilikuwa aina 12 za mashujaa na sura sita. Milango ilipofunguliwa tarehe 6 Disemba 2024, kwa mchezo ambao haujakamilika na wenye kulipiwa, walikuwapo mashujaa sita na sura tatu, nazo ilibidi zichezwe mara mbili, mara ya pili kwa ugumu zaidi, ili safari ifike mwisho. Kurudia huko kulikuwa kiraka, na kilichosha. Sura ya nne na visa vifupi vilivyoletwa Agosti 2025 ndivyo vilivyokiondoa. Mpango wa hadithi, basi, ulitimizwa kwa kuchelewa na kwa vipande, na anayelalamika ana haki ya kulalamika. Mpango wa vito ulitimizwa tangu siku ya kwanza. Msomaji ambaye hajaushika mchezo wowote kati ya hii miwili, na anataka kujua aanzie wapi, namshauri aanze na wa pili: deraya bora atakayoiokota ataweza kuivaa bila kuutupa ustadi wake.