Idhini ya Kujisifu: Muziki wa Kufokafoka, Wazee na Kiswahili baina ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inahakiki mgogoro wa vizazi kuhusu muziki wa kufokafoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na katika jiji jirani la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba wazee wa jamii zinazokutana huko hawana ugeni na umbo la ghani za majigambo, kwa kuwa kila jamii inazo ghani zake za namna hiyo. Kinachowakera ni majigambo yasiyo na idhini: idhini ya tendo, ya hadhira na ya lugha. Makala inapendekeza kuwa idhini hizo tatu zitumiwe kama vigezo vya uhakiki, na inaonyesha athari zake kwa sera ya Kiswahili nchini Uganda.

1.0 Utangulizi

Jina huweza kutangulia hukumu. Kiswahili kiliupokea muziki wa rap kwa jina la "muziki wa kufokafoka". Kufoka ni kusema kwa ukali na hasira. Ni pia kuchemka hata kumwagika, kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Jina hilo limebeba sikio la mzazi anayesikia kelele kabla hajasikia maneno. Halisemi lolote kuhusu vina, mapigo wala hoja ya msanii.

Nakivale ni mahali pafaapo kulipimia jina hilo. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo kanda zake tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, zina Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, nyimbo na wasanii hupita kati ya makazi na Mbarara sawa na bidhaa za sokoni.

Katika mazingira kama hayo mgogoro wa vizazi huelezwa kwa njia mbili. Wazee husema kuwa muziki huu umetoka Marekani, hauna adabu, na unawafundisha vijana kujikweza. Vijana hujibu kuwa wazee wamepitwa na wakati. Pamoja na kutofautiana kwao, wote wanakubaliana katika jambo moja, kwamba sanaa hii ni ngeni. Makala hii inalipinga jambo hilo, na inadai kuwa ndilo linalozaa uhakiki dhaifu na, baada yake, sera dhaifu.

2.0 Kila Mzee na Kivugo Chake

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili huziita ghani za kujisifu "majigambo" au "vivugo". Neno kivugo lina shina moja na ekyevugo cha Runyankore na icyivugo cha Kinyarwanda. Istilahi yenyewe, basi, ina ndugu zake katika ukanda huu ambamo Nakivale imo.

H. F. Morris, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu vivugo vya Wahima wa Ankole, anaeleza jinsi ghani hizo zilivyotendwa. Mtendaji husimama mbele ya wenzake, hujitaja kwa msururu wa majina ya sifa, na hughani kwa kasi kubwa juu ya vita alivyopigana. Mwisho wa mstari huwekewa alama kwa mlio wa vidole, na wasikilizaji huitikia. Mfuatiliaji wa rap atavitambua vipengele hivi bila kuelekezwa: nafsi ya kwanza, majina ya kujipachika, kasi, pumzi inayobanwa hadi mwisho wa mstari, na hadhira isiyokaa kimya.

Ankole haiko peke yake. Wanyarwanda wana ibyivugo vya mashujaa na tungo za kuwasifu ng'ombe. Waluba wa Kongo wana kasala, ghani inayopanga majina ya sifa ya mtu na ukoo wake. Wasomali wana mapokeo ya washairi kujibizana, shairi moja likizaa jingine hadi mnyororo wa mashairi, huku kila mstari ukifungwa kwa urari wa sauti za mwanzo za maneno. Ukiwaketisha pamoja wazee wa Nakivale, umeketisha majigambo na majibizano ya nchi kadhaa katika mkeka mmoja.

Haya hayamaanishi kwamba rap ilizaliwa Ankole. Rap ilizaliwa Bronx, New York, katika miaka ya 1970, na historia hiyo haina haja ya kupindishwa ili kuwafurahisha wazee. Yanamaanisha kwamba mzee anayelalamika kuwa kijana "anajisifu mno" analalamikia tendo ambalo mapokeo yake mwenyewe yalilipa heshima. Swali la uhakiki ni hili: kwa nini kujisifu kwa babu kulikuwa utu, na kujisifu kwa mjukuu kumekuwa utovu wa adabu?

3.0 Idhini ya Tendo na ya Hadhira

Jibu la kwanza limo katika tendo. Kivugo kilitungwa juu ya jambo lililotendwa, na kilighaniwa mbele ya watu walioweza kulishuhudia au kulikanusha. Chumvi ilikuwapo, kama ilivyo katika kila sifa, lakini ilitiwa katika chakula kilichokuwapo mezani. Kijana anayejigamba kwa magari na mikufu ya dhahabu ambayo hakuna jirani aliyewahi kuiona anavunja sharti hilo. Hapa wazee wana hoja, na mhakiki hapaswi kuwanyima kwa sababu tu ya kutaka kuonekana rafiki wa vijana.

Hata hivyo, mavazi ya kuazima si jambo jipya katika sanaa za Waswahili na majirani zao. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi vijana wa pwani na bara walivyoiga gwaride, vyeo na sare za maofisa wa kikoloni. Wazee na wamisionari waliona kiburi na uigaji mtupu. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na vyama vya kusaidiana, ushindani wa mitaa na kejeli kwa watawala. Mkufu wa dhahabu katika wimbo wa mkimbizi unaweza kufanya kazi iliyofanywa na sare ya beni. Ni wajibu wa mhakiki kuuliza kama umefanya kazi hiyo katika wimbo husika, au umening'inia tu.

Kwa upande mwingine, yapo matendo ambayo wazee hawajayahesabu kuwa ushujaa. Kuvuka mpaka ukiwa mtoto, kulea wadogo bila wazazi, kujifunza lugha tatu kabla ya kumaliza shule ya msingi: haya yana mashahidi, na mashahidi hao wanaishi nyumba ya pili. Kijana anayeyaghani kwa nafsi ya kwanza ametimiza sharti la kivugo kikamilifu kuliko anavyodhaniwa.

Idhini ya pili ni ya hadhira. Ufalme wa Ankole ulifutwa pamoja na mingine mwaka 1967, na haukurejeshwa wakati falme nyingine ziliporudishwa katika miaka ya 1990. Mahali pa kughani palipungua. Leo ebyevugo husikika zaidi katika sherehe kama za kuhingira, ambapo familia humuaga binti anayeolewa. Ikiwa mwenyeji amepoteza baraza lake, mkimbizi amelipoteza mara mbili. Kipaza sauti ni idhini ambayo kijana amejipa baada ya kuona kuwa hakuna aliyebaki wa kumpa.

Wazee wa makanisa nao wanapaswa kukumbuka historia yao. Uamsho wa Balokole, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Kigezi na Ankole, uliwafanya watu wasimame hadharani na kusema "mimi" kwa namna iliyowaudhi wakubwa wa kanisa. Mwaka 1941 kundi la wanafunzi wa uamsho huo lilifukuzwa katika chuo cha kanisa cha Mukono. Ushuhuda ambao leo ni desturi ulianza kama kelele za vijana.

Kwa familia za Kisomali suala hili lina uzito wa pekee. Kundi la Waayaha Cusub, lililoundwa na vijana wakimbizi mtaani Eastleigh, Nairobi, mwaka 2004, lilijipatia maadui kwa kuwaghania wanamgambo. Mwaka 2010 makundi yenye silaha yalipiga marufuku muziki katika redio za Mogadishu. Mzazi aliyeyaona hayo akimkataza mwanawe kurekodi, katazo lake linaweza kuwa hofu zaidi ya dharau. Mhakiki asiyetofautisha hofu na dharau atawatukana watu walioumia.

4.0 Idhini ya Lugha

Kufoka, kama ilivyoonyeshwa, ni kitenzi cha mkubwa anayekaripia. Katika Mbarara kitenzi hicho kina kumbukumbu. Mwaka 1972 wapinzani wa Idi Amin waliotoka Tanzania waliishambulia kambi ya jeshi ya Mbarara wakashindwa. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka mji huo, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa. Mkazi wa Mbarara wa kizazi hicho alisikia Kiswahili kutoka pande zote mbili za bunduki. Anaposikia leo kijana akitoa Kiswahili kwa kasi na ukali juu ya ngoma nzito, si lazima akumbuke New York. Huenda anakumbuka kizuizi cha barabarani.

Kwa kijana wa Kivu aliyekulia Nakivale, lugha hiyohiyo ni ya mama, ya soko na ya nyimbo za kanisani. Anasema "batu" na "batoto" pale ambapo kitabu cha shule kinataka "watu" na "watoto". Mwalimu wa Kiswahili sanifu atapiga mstari mwekundu. Lakini sikio la Mnyankore, ambaye kwake watu ni "abantu", linasikia udugu katika kiambishi hicho cha ba-. Kosa la darasani linaweza kuwa daraja la mtaani. Wimbo wa kufokafoka ndio mahali ambapo daraja hilo linajengwa bila mtihani, kwa sababu kina humlazimisha mtunzi kuchagua kati ya maumbo mawili na kuyasikia yote mawili.

Jambo hili si dogo kwa wapangaji wa sera. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi pamoja na ufundishaji wake shuleni. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uganda inatafuta watu wa kukipenda Kiswahili, ilhali Nakivale ina vijana wanaokitumia kwa hiari usiku na mchana. Sera inayowaona vijana hao kuwa waharibifu wa lugha inatupa mbegu huku ikilia njaa.

5.0 Pale Ambapo Mapokeo Hayatoshi

Hoja hii ina mipaka miwili. Kwanza, ebyevugo vya Ankole vilikuwa ghani za wanaume. Msichana anayeshika kipaza sauti anachukua idhini ambayo mapokeo hayakumpa, na hakuna kurejea kwa wazee kutakakomsaidia. Vilevile, beti zinazomdhalilisha mwanamke haziwezi kusafishwa kwa kuitwa urithi. Hapa mhakiki anapaswa kusimama nje ya kivugo na kukihoji.

Pili, hatari kwa sanaa hii haitoki kwa wazee peke yao. Mashirika mengi yanayofanya kazi katika makazi ya wakimbizi huagiza nyimbo za kuhamasisha: osheni mikono, pelekeni watoto shule, isheni kwa amani. Nia ni njema, lakini wimbo wa kuagizwa mara nyingi huiondoa nafsi ya kwanza na kuweka tangazo mahali pake. Kivugo kisicho na "mimi" hakipo. Mzee aliyekikataa kivugo cha kijana angalau alikisikia kama neno la mtu. Aliyekinunua na kukibadili kuwa bango hakukisikia kabisa.

Udhibiti nao haujawa dawa. Nchini Uganda, mapendekezo ya kanuni ya mwaka 2019 yaliyotaka maneno ya nyimbo yakaguliwe kabla ya kutolewa yalizua upinzani mkubwa wa wasanii. Nchini Kongo, mwaka 2021, tume ya udhibiti ilizuia nyimbo za rap zilizoikosoa serikali, ukiwamo wa kundi la MPR la Kinshasa, na marufuku ya wimbo huo ikaondolewa muda mfupi baadaye. Idhini ya mapokeo ilitolewa na watu waliokaa na kusikiliza hadi mwisho. Idhini ya ofisi hutolewa na mtu asiyelazimika kuitikia.

6.0 Hitimisho

Mfano wa njia nyingine upo. Mwaka 2014, katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, mshairi na mwanarap Mkongomani Menes la Plume, mwenyewe mkimbizi, alianzisha Tamasha la Tumaini, ambalo huwaleta wenyeji ndani ya kambi kama hadhira ya wakimbizi. Nguvu ya tamasha hilo ni kwamba liliirudisha hadhira, na hadhira ndiyo iliyokosekana.

Kwa Nakivale na Mbarara makala hii inapendekeza mambo matatu. Walimu wa Kiswahili waruhusiwe kutumia tungo za wanafunzi wenyewe darasani, na tofauti za Kiswahili cha Kongo na Kiswahili sanifu zifundishwe kama maarifa badala ya aibu. Waghani wa ebyevugo na vijana wa kufokafoka wawekwe katika jukwaa moja, wazee wakihukumu kwa kigezo chao cha tendo na ushahidi, na vijana wakiwa na haki ya kujibu. Na fedha za uhamasishaji zigharimie jukwaa hilo bila kununua maneno yatakayosemwa juu yake.

Wazee watabaki na haki ya kusema kuwa wimbo fulani ni mbaya. Mingi ni mibaya. Wakisema hivyo baada ya kuusikiliza hadi mwisho, kijana atakuwa amepata kile alichokuwa akikifokea.